Kabla Hujaipaka Rangi Landrover ya Babu

Mwaka jana, siku mbili kabla ya mtihani wa Ukaguzi wa Hesabu, nilikuwa kwenye kimbweta na desa langu wakati baba mdogo aliponipigia simu kutoka Karatu. "Mwanangu, mzigo umepata mteja," alisema. Mzigo wenyewe ni Landrover 109 ya marehemu babu, ya mwaka 1967, iliyokuwa imelala miaka mingi nyuma ya ghala la mahindi. Mteja ni mzee mmoja wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani. Aliona picha aliyotumiwa na binamu yangu, akasema kwamba kama gari liko kama linavyoonekana pichani, yuko tayari kutoa shilingi milioni 14.

Nyumbani ilikuwa sherehe. Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada haikuwepo. Mama alikuwa na deni la SACCOS. Milioni 14 zilikuwa zinamaliza yote mawili na chenji inabaki.

Mzee alisema atakuja baada ya wiki tatu. Baba mdogo, kwa moyo mzuri kabisa, akaona aibu kumwonyesha mgeni gari lenye rangi iliyobanduka na injini isiyowaka. Akalipeleka kwa fundi. Likapigwa rangi ya fedha inayong'aa, likashonewa viti vipya, na injini ya zamani ikatolewa, ikawekwa injini ya dizeli iliyotoka kwenye pikapu ya Kijapani. Injini ya zamani iliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kilo, ikaleta shilingi laki moja na ishirini. Matengenezo yote yalikula milioni 3.2 za mkopo.

Mzee alikuja. Alilizunguka gari mara mbili bila kusema kitu, akafungua boneti, akauliza swali moja tu: "Injini yake iko wapi?" Baba mdogo akamwonyesha ile mpya kwa fahari. Mzee akatikisa kichwa na kusema sasa hivi anaweza kutoa milioni 8.

Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa tatu. Darasani tumefundishwa kwamba gari ni mali inayochakaa: kila mwaka unapunguza thamani mpaka inakaribia sifuri. Sikuwa na desa lolote linaloeleza kwa nini gari bovu lilikuwa na bei kubwa kuliko gari lililotengenezwa. Nilitumia likizo nzima kusoma na kuuliza. Nawaandikia niliyoyapata, kwa sababu najua wengi wetu tuna gari la namna hii nyumbani, la babu au la mjomba, limekaa kwenye mawe na kuku wanatagia ndani.

Kuukuu na la kale si kitu kimoja

Tuanze na ile kanuni ya darasani. Si ya uongo. Magari mengi yanapoteza thamani tangu siku ya kwanza, yanafika chini kabisa, yanakatwa spea, yanaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Ila kuna machache ambayo yakishafika chini yanakaa hapo miaka kumi au ishirini, kisha bei inaanza kupanda tena. Gari la kundi la kwanza ni kuukuu. La kundi la pili ndilo wakusanyaji wanaloliita la kale, na kinachowatenganisha si umri peke yake.

Sababu za kupanda ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba yanapungua. Kila ajali na kila jembe la mkataji wa spea linaondoa moja, na kiwanda hakitengenezi tena. Ya pili ni watu. Kijana aliyelitamani gari fulani akiwa na miaka 18 bila senti mfukoni, anafika miaka 50 akiwa na pesa, na bado analikumbuka. Ndiyo maana kila kizazi kina magari yake.

Sheria nazo zinasukuma bei. Marekani, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya nchi hiyo haliruhusiwi kuingia kirahisi mpaka lifikishe miaka 25. Nissan Skyline GT-R aina ya R32 ilianza kutengenezwa mwaka 1989, kwa hiyo ilifungukiwa mlango mwaka 2014, na wanunuzi wa Marekani wakaingia sokoni Japani kushindana na waliokuwepo. Huku kwetu sheria inavuta upande mwingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Tanzania inaruhusu, lakini gari likizidi umri fulani linatozwa ushuru wa ziada. Matokeo yake ni kwamba Landrover, Peugeot 404 na 504, na zile Volkswagen za mgongo wa kobe zilizobaki huku haziongezeki kirahisi kutoka nje.

Sasa usikimbie kuweka Mark II ya shemeji kwenye mnada. Chukua hiyo hiyo Mark II GX100 tunayoijua wote. Inafanana kwa sura na JZX100, ni kizazi kimoja, zimetoka kiwanda kimoja. Lakini ile yenye injini ya 1JZ yenye tabo ndiyo wakusanyaji wanaitafuta, na hii ya injini ndogo inabaki kuwa gari la kwendea harusini. Macho ya mtu wa kawaida hayaoni tofauti. Anayenunua anafungua boneti, kama mzee alivyofungua.

Wanaangalia nini hasa

Jambo la kwanza ni uchache pamoja na hitaji. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, na moja iliuzwa mnadani California mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Mercedes-Benz 300 SLR ile ya paa la kufunika, inayoitwa Uhlenhaut, zilitengenezwa mbili peke yake mwaka 1955. Mwezi Mei 2022 kampuni yenyewe iliuza moja kwa euro milioni 135, na hakuna gari lingine linalojulikana kuuzwa mnadani kwa bei kubwa kuliko hiyo. Kinachotuhusu wanachuo ni kwamba pesa ile ilitengwa kuanzisha mfuko wa kusomesha vijana katika masuala ya mazingira. Gari moja limekuwa ada za watu wengi.

Lakini uchache peke yake haulishi. Kuna magari yaliyotengenezwa machache kwa sababu hakuna aliyeyataka, na mpaka leo hakuna anayeyataka. Landrover yenyewe ilitengenezwa kwa wingi sana. Bei yake inatoka kwenye hitaji: ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na ile sura yake ya kizamani iliendelea kutengenezwa, ikibadilika kidogo kidogo, mpaka Januari 2016. Watu wa nchi nyingi wamekua nayo. Oktoba 2024 Arusha ilijaa mamia ya Landrover kwenye tamasha lao, na wengi waliozileta hawakuwa matajiri wa kutisha. Walikuwa watu wenye gari la baba zao.

Jambo la pili ni uasili, na hapa ndipo familia yetu iliangukia. Gari linatoka kiwandani na namba ya chesisi na namba ya injini. Namba hizo zikiwa bado ni zile zile zilizoandikwa kwenye daftari la kiwanda, wakusanyaji wanasema namba zinaoana. Injini isipowaka, fundi mzuri ataifufua. Injini isipokuwepo, huwezi kuifufua. Unaweza kupata nyingine ya aina ile ile, lakini haitakuwa ile. Kwa hiyo injini iliyokufa ina thamani ikiwa ni yenyewe. Sisi tuliiuza kwa kilo.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1968 ilitoka filamu ya Bullitt, Steve McQueen akiendesha Mustang ya kijani kwenye barabara za milima za San Francisco. Mwaka 1974 familia moja ya New Jersey ilinunua Mustang ile kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jaridani, wakaitumia kama gari la nyumbani. McQueen mwenyewe aliwaandikia mwaka 1977 akiomba kuinunua, hakuipata. Ilifichwa gerejini miaka mingi. Ilipouzwa mnadani Florida, Januari 2020, ilikuwa na kutu, imebonyea, rangi imefifia, na bado ina matundu yaliyotobolewa kufungia kamera za filamu. Hawakulipaka rangi wala hawakuziba matundu. Iliuzwa kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada ya mnada. Yale matundu ndiyo yaliyokuwa yanathibitisha kwamba ni yenyewe. Laiti ingeangukia mikononi mwa fundi wetu, angeyaziba kwa puti siku ya kwanza.

Hii haina maana kwamba gari lisiguswe kabisa. Lililooza kabisa linahitaji kufufuliwa, na viwanda vyenyewe vinafanya hivyo. Mwaka 2016 Land Rover walitangaza mpango wa kuzifufua Series I 25 kwa vipuri na rangi za asili, bei ikianzia kama pauni 60,000. Tazama walichokifanya: walirudisha gari lilivyokuwa. Baba mdogo alilipeleka lilipokuwa halijawahi kuwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kukarabati na kupendezesha.

Jambo la tatu ni historia yenye karatasi. Afrika Mashariki kila Peugeot ya zamani "ilikimbia Safari Rally". Ukiuliza ushahidi, unaambiwa muulize marehemu. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ni kweli kwamba magari ya kawaida yalishiriki. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kabla yake. Gari lenye historia kama hiyo lina bei yake, na kwa sababu hiyo hiyo yapo magari yanayobandikwa namba za mlangoni na hadithi ili yauzwe. Mnunuzi anayejua kazi yake anataka picha za wakati ule, kadi, risiti, na namba ya chesisi inayolingana na vyote. Hadithi tupu anaisikiliza kwa heshima, halafu anatoa bei ya gari lisilo na hadithi.

Babu alikuwa mtu wa karatasi, Mungu amrehemu. Bibi alikumbuka kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Ndani tulikuta risiti ya mnada wa serikali wa mwaka 1983 ambako babu alilinunua gari, kadi ya zamani, risiti za spea, na picha ya babu ameegemea boneti, kofia kichwani, namba ya TZ inasomeka vizuri. Kopo hilo nitalirudia.

Kuna karatasi nyingine unayoweza kuitafuta hata kama babu hakuweka kitu. Kwa magari mengi ya zamani ya Uingereza, makumbusho ya magari ya Gaydon yanahifadhi madaftari ya viwanda. Unatuma namba ya chesisi na malipo, wanakupa cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipotengenezwa, namba ya injini ya kwanza, rangi ya kwanza na lilikopelekwa.

Jambo la nne ni hali ya kweli, siyo mng'ao. Bodi ya Landrover ya zamani ni ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Kwa hiyo ukiona bodi nzima usifurahi bado. Lala chini uangalie chesisi, ambayo ni ya chuma, na ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Gonga kwa bisibisi. Ukisikia sauti ya debe au bisibisi ikazama, hapo ndipo pesa yako itakapozama pia. Kwa Peugeot na magari mengine ya bodi ya chuma, angalia sakafu chini ya kapeti, kingo za milango na buti. Rangi mpya kwenye gari la kale inapaswa kukutia wasiwasi: inaficha nini? Chukua sumaku ndogo. Kwenye chuma itashika, kwenye puti haishiki. Ila kwenye aluminiamu haishiki hata bodi ikiwa safi, usije ukamwaibisha mtu bure.

Alama ndogo zinasaidia kujua umri. Landrover za Series II na IIA za mwanzo zina taa za mbele katikati, karibu na grili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamia kwenye madigadi. Mtu akikuambia gari lake ni la 1962 na taa ziko kwenye madigadi, ama umri si huo ama sehemu ya mbele imebadilishwa.

Bei inapatikanaje

Kosa letu wengi ni kuchungulia matangazo mtandaoni, tukaona mtu wa Uingereza anauza Landrover kwa pauni 20,000, tukazidisha kwa shilingi, tukaanza kugombana na ndugu. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Unachotafuta ni bei ambayo gari la aina ile, mwaka ule na hali ile limeuzwa kweli. Nyumba kubwa za mnada huwa zinachapisha matokeo yao, bure, na hapo ndipo pa kuanzia.

Lakini matokeo nayo yanahitaji kusomwa kwa akili. Mnadani, bei inayotajwa nyundo inapogonga siyo anayolipa mnunuzi. Juu yake kuna ada ya mnunuzi. Ile Mustang ya Bullitt nyundo iligonga kwenye dola milioni 3.4, mnunuzi akalipa milioni 3.74. Hapo ada ni asilimia 10 ya bei ya nyundo. Muuzaji naye mara nyingi ana ada yake inayokatwa. Kwa hiyo gari moja lina bei mbili au tatu siku hiyo hiyo, na anayekwambia "liliuzwa kwa kiasi fulani" inabidi umuulize ni ipi. Pia kuna bei ya siri ya chini ambayo muuzaji amekubaliana na mnada. Zabuni isipofika hapo, gari linarudi nyumbani, hata kama ukumbi mzima ulipiga makofi.

Wathamini wengi wanapanga hali ya gari kwa madaraja. Kwa mfano, Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale ya Marekani, hutumia daraja 1 mpaka 4: la 1 ni gari la kushindanishwa kwenye maonyesho, la 4 ni linalotembea lakini kasoro zake zinaonekana. Bei za juu kabisa unazosikia ni za daraja la 1. Gari la nyuma ya ghala halimo hata kwenye la 4. Ukishalijua daraja lako kwa ukweli, unatoa gharama za kulisafirisha, ushuru wa huko linakokwenda, na matengenezo atakayoyafanya mnunuzi. Kinachobaki ndicho unachoweza kuomba. Ndivyo mzee alivyofika milioni 14 mwanzoni. Na milioni 8 hakuitoa hewani: alikata gharama ya kutafuta injini nyingine ya petroli ya lita 2.25, gharama ya kukwangua rangi ile, na hasara ya namba zisizooana, ambayo haina tiba.

Bei inashuka pia

Kuna wenzangu wakisikia milioni 48 za dola wanaanza kuwaza kuweka bumu kwenye magari ya kale. Subiri kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za Ferrari zilipaa kwa pesa za mikopo na tamaa. Mwaka 1989 Ferrari 250 GTO moja iliuzwa Japani kwa zaidi ya dola milioni 13. Soko likaanguka, na miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1990, gari hilo hilo lilikuwa la kiasi cha dola milioni 3.5. Gari halikuwa limebadilika hata skrubu. Aliyekuwa na uwezo wa kusubiri miaka 20 mingine alipona. Aliyekopa aliumia.

Halafu gari halikai bure. Linataka paa, betri, matairi hata kama halitembei, mafuta ya breki, na mtu wa kuliwasha mara kwa mara. Hisa hazitagiwi mayai na kuku. Anayenunua gari la kale anunue kwa sababu analipenda, na bei ikipanda aichukue kama zawadi.

Ukitaka kununua, ukitaka kuuza

Kwa mnunuzi: linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, kabla hujazungumza bei. Namba zikiwa zimekwanguliwa au kibati kimepigwa ribiti mpya, aga kwa adabu uondoke. Hakikisha polisi na TRA kwamba gari halina kesi wala deni. Nenda na fundi anayeijua aina ile, siyo fundi wa muuzaji. Na uliza mapema spea zinapatikana wapi. Vipuri vya Landrover za zamani bado vinatengenezwa na watu wengi duniani. Kuna magari mazuri ambayo taa moja ya nyuma itakutesa mwaka mzima.

Kwa muuzaji, hasa wa gari la urithi: kuna jambo tuliloligundua tukiwa tumeshachelewa. Kadi ilikuwa na jina la babu, na babu amefariki. Mzee wa Nairobi hakutoa hata shilingi moja mpaka tulipofuata utaratibu. Ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari, mnampendekeza msimamizi wa mirathi, mnapeleka maombi mahakamani pamoja na cheti cha kifo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mahakama ikimteua, ndipo msimamizi anaweza kuuza na umiliki ukabadilishwa. Kwetu ilianzia Mahakama ya Mwanzo. Tuliona usumbufu, lakini nilipofikiria baadaye niliona mzee alikuwa anatulinda na sisi. Shangazi zangu wawili hawakuwa wameulizwa kitu chochote mpaka siku ya kikao kile. Dalali angelipa taslimu usiku ule ule, na leo tungekuwa hatusalimiani.

Na kabla ya hayo yote, usiguse gari. Lifute vumbi, lipige picha pande zote, chini na ndani ya boneti, piga picha za namba. Kusanya kila kipande kilichotoka kwenye gari, hata kama kimevunjika: kabureta iliyo stoo, kofia za magurudumu zilizogeuzwa vyombo vya kuku, namba ya zamani ya TZ iliyotundikwa ukutani. Muulize bibi kuhusu kopo. Halafu ndiyo utafute mthamini au mkusanyaji, na siyo mmoja, angalau watatu.

Mahesabu ya mwisho

Mzee alirudi mirathi ilipokamilika. Bibi akaleta kopo la biskuti akamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee alikaa kwenye kigoda akasoma karatasi moja baada ya nyingine, akaitazama sana ile picha, akasema anaongeza milioni moja kwa ajili ya hizi. Kisha akamwomba bibi picha abaki nayo, yeye apige nakala tu. Kwa hiyo gari likaondoka kwa milioni 9.

Nimeandika hesabu kama tulivyofundishwa. Mapato milioni 9, jumlisha laki moja na ishirini ya vyuma chakavu, toa milioni 3.2 za fundi. Inabaki milioni 5 na laki tisa na ishirini. Kama tusingefanya lolote, zingekuwa milioni 14 na zaidi, kopo likiwemo. Tulilipa zaidi ya milioni 8 ili gari lipendeze kwa wiki tatu.

Ada ya mwaka wa kwanza ya mdogo wangu ililipwa, na ameshaanza kuvaa yunifomu ya mazoezi hospitalini. Deni la SACCOS bado, mama anakatwa kila mwezi. Baba mdogo hatujamlaumu, maana hakuna aliyekuwa anajua, hata mimi msomi wa familia niliposikia rangi mpya nilisema "safi sana". Juzi alinipigia tena. Rafiki yake ana Volkswagen ya mwaka 1971 na anataka kuipeleka kwa fundi ikapigwe rangi kabla ya kuiuza. Baba mdogo alimwambia asubiri kwanza, mtoto wa chuo anarudi likizo.